Moto wa Kuungia Reli

Msomaji, kama umepata kusafiri kwa gari moshi katika reli yetu ya zamani, ile nyembamba yenye upana wa mita moja, hapana shaka unaukumbuka wimbo wa magurudumu yake. Ta-ta, ta-ta, ta-ta: wimbo huo humfuata msafiri toka kituo hata kituo, na watoto wengi wamelala usingizi kwa kubembelezwa nao. Ni wachache wajiulizao watoka wapi. Si injini iimbayo, wala si gurudumu. Ni reli yenyewe inayolalamika. Kila mahali ambapo kipande kimoja cha reli hukoma na kingine huanza, pana ufa mwembamba. Na kila gurudumu lifikapo kwenye ufa huo huanguka kidogo, likagonga kichwa cha kipande kinachofuata. Pigo moja si kitu. Lakini pigo hilo hurudiwa na kila gurudumu la kila behewa, mchana na usiku, mwaka hata mwaka, na chuma nacho huchoka.

Nataka nikueleze jinsi ufa huo ulivyopata kuzibwa, na habari za moto wa ajabu ulioutenda wema huo. Moto wenyewe huitwa themiti. Una mambo mawili yasiyopatikana katika moto wa jikoni: hauhitaji hewa, na mwisho wake si jivu bali ni chuma kilichoyeyuka.

Kwanza tutazame kwa nini ufa ulikuwapo. Reli hutengenezwa kiwandani, na kiwanda hakiwezi kumpa mteja reli ya maili mia. Hukata vipande vinavyoweza kuchukuliwa na meli au behewa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ililetwa kwa njia hiyo hiyo, kipande kwa kipande, kutoka ng'ambo. Wajenzi walivilaza vipande juu ya mataruma, wakavifunga kimoja na mwenziwe kwa vibao viwili vya chuma, kimoja kila upande, na bolti zilizopita katika matundu yaliyotobolewa ubavuni mwa reli. Kati ya ncha na ncha waliacha nafasi kwa makusudi, kwa kuwa chuma hurefuka katika jua na kufupika katika baridi. Hivyo ndivyo reli ilivyofika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na hivyo ndivyo ilivyofika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, mwendo wa maili 582 toka pwani, ufa baada ya ufa.

Basi katika mwaka ule ule wa 1899, wakati Nairobi ilipokuwa kambi ya mahema penye kinamasi, mafundi wa mji wa Essen, katika nchi ya Ujerumani, waliunga reli za tramu pasipo kibao wala bolti. Waliyeyusha chuma pale pale barabarani, bila tanuri na bila mvukuto, wakakimimina katikati ya ncha mbili, na ncha mbili zikawa kitu kimoja. Ili tuelewe walivyofanya yatupasa turudi nyuma kidogo, maana aliyevumbua moto ule hakuwa akitafuta njia ya kuunga reli hata kidogo. Alikuwa akitafuta usafi.

Chuma hakikai ardhini kikiwa chuma. Hukaa katika mtapo, yaani mawe au mchanga ambamo chuma kimefungamana na oksijeni, ile hewa tunayoivuta ili tuishi. Kutu ni mfano wa mfungamano huo. Kazi ya mhunzi wa kale, awe wa Samia karibu na Ziwa Viktoria au wa nchi nyingine yoyote, ilikuwa kuvunja mfungamano huo, na chombo chake kilikuwa makaa ya miti. Alipanga mtapo na makaa katika tanuri, akavukuta kwa saa nyingi. Kaboni iliyo ndani ya makaa huipenda oksijeni kuliko chuma kinavyoipenda; basi iliinyang'anya, ikaondoka nayo kama hewa, na chuma kikabaki. Wahunzi wetu walijua kazi hii kwa mikono yao kabla haijaandikwa katika kitabu cha shule. Majembe yaliyotoka Samia yaliuzwa mbali na kutamaniwa na wengi.

Lakini makaa yana tabia ya mgeni ambaye akiondoka huacha baadhi ya mizigo yake nyumbani mwa mwenyeji. Kaboni kidogo hubaki ndani ya chuma. Kwa mwenye jembe hii ni baraka, kwa kuwa kaboni kidogo hukifanya chuma kiwe kigumu, na ndiyo itenganishayo pua na chuma laini. Lakini ziko metali nyingine ambazo mzigo huo huziharibu. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 wenye viwanda vya pua walianza kutaka kromiamu na manganizi ili wazichanganye na chuma, na kila walipozipata kwa kutumia makaa walizipata zikiwa zimejaa kaboni. Swali likawa hili: ni nani awezaye kuinyang'anya metali oksijeni yake pasipo kuacha uchafu wake mwenyewe?

Jibu lilikuwa metali tuliyoizoea hata hatuitazami tena. Itazame sufuria ya nyumbani kwenu. Alumini, ambayo sufuria hiyo imetengenezwa kwayo, ina uchu mkubwa sana wa oksijeni, kuupita uchu wa chuma, wa kromiamu na wa manganizi. Huenda ukauliza: mbona basi sufuria haiwaki moto jikoni? Haiwaki kwa sababu imekwisha kula. Mara tu alumini inapoguswa na hewa, uso wake hushika oksijeni na kufanya ngozi nyembamba ngumu isiyoonekana, na ngozi hiyo huizuia hewa isipenye zaidi. Sufuria yako ina shibe ya nje na njaa ya ndani. Ikisagwa ikawa unga, kila chembe huwa na uso wake, na ile njaa yote hujitokeza.

Mtaalamu wa Kirusi, Nikolay Beketov, aliyefundisha katika mji wa Kharkov, alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1860 kwamba alumini yaweza kuzitoa metali nyingine katika oksijeni yao. Jambo lake halikufika mbali, na sababu ni fedha. Siku zile alumini ilikuwa ghali kama vito. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa kumbukumbu ya George Washington, waliweka kileleni ncha ya alumini yenye uzito wa kilo 2.8 hivi, na bei yake ilikaribiana na bei ya fedha ya kuvaa. Hakuna ambaye angeitupa johari kama hiyo motoni ili apate metali nyingine. Kisha ukaja mwaka 1886. Vijana wawili, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, wasiojuana, waligundua kila mmoja kwa njia yake namna ya kuitoa alumini kwa nguvu za umeme. Wote wawili walizaliwa mwaka 1863, na wote wawili walikufa mwaka 1914. Historia mara nyingine hucheza. Kabla ya karne kwisha ratili moja ya alumini iliuzwa chini ya dola moja. Kilichokuwa pambo la mnara kikawa bidhaa ya duka, na lile wazo la Beketov likapata miguu.

Hapo ndipo anapoingia Hans Goldschmidt. Alizaliwa Berlin tarehe 18 Januari 1861, akasoma kemia kwa mwalimu mashuhuri Robert Bunsen, yule ambaye jina lake limo katika ile taa ya gesi ya maabara yenu. Kisha akajiunga na kaka yake Karl katika kiwanda kilichoanzishwa na baba yao. Kiwanda hicho kilihamia Essen, mji wa makaa ya mawe na pua, na moja ya kazi zake ilikuwa kutoa bati katika mabati chakavu. Hans alitaka kromiamu safi. Alijua kwamba alumini ingemfaa. Shida ilikuwa namna ya kuwasha.

Hapa pana jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha habari yote. Waliomtangulia walitia mchanganyiko wao katika chungu cha kuyeyushia, wakakipasha moto chungu kizima kwa nje, kama mtu apikaye uji. Mchanganyiko ulipata moto kidogo kidogo, wote pamoja; na ulipofika kiasi chake uliwaka wote pamoja, kwa kishindo, ukarusha kazi na chungu huku na huku. Goldschmidt aliacha kuupika. Aliuweka mchanganyiko ukiwa baridi, akauwasha mahali padogo pamoja tu, juu, kwa kiwashio maalumu chenye joto kali. Mahali pale palipowaka pakatoa joto la kuwasha jirani yake, na jirani naye akamwasha jirani yake, hata moto ukashuka chini kwa utulivu kama habari ipitayo kijijini. Vitu havikubadilika, mahali pa kuwasha ndipo palipobadilika. Mwaka 1895 alipata hataza ya uvumbuzi huo katika Ujerumani, na baadaye kampuni yao iliuza mchanganyiko wenyewe kwa jina la Thermit.

Alipoweka oksaidi ya kromiamu, alipata kromiamu isiyo na kaboni. Alipoweka oksaidi ya chuma, ambayo ni jamaa ya kutu, alipata chuma. Kwa mtafuta usafi hili la pili lilikuwa dogo, maana chuma kilikuwa tele Essen. Lakini alitambua kwamba alichokipata si chuma tu, bali ni chuma chenye moto mkali mno, kilichozaliwa katika chungu kidogo ambacho watu wawili wangeweza kukibeba.

Sasa, msomaji, tuzitazame tabia za moto huu, na tuanze na moja itakayokushangaza. Ukichoma kilo moja ya makaa ya miti utapata joto lililo kama mara saba ya lile la kilo moja ya themiti. Naam, makaa hushinda! Kwa nini basi makaa huchemsha chai na themiti huyeyusha reli? Kwa sababu wingi wa joto ni jambo moja na ukali wake ni jingine. Joto la makaa hutoka polepole kwa saa nzima, na sehemu yake kubwa huchukuliwa na hewa na moshi unaopaa. Themiti humaliza kazi kwa muda usiozidi nusu dakika, na kwa kuwa haitoi hewa nyingi, joto halina gari la kuondokea. Hubaki pale pale ndani ya vitu vilivyozaliwa. Chuma huyeyuka katika joto la digrii 1,538 za Selsiasi. Joto la themiti hupita 2,000, na laweza kukaribia 2,500. Macho matupu hayafai kuutazama mwanga wake.

Tabia ya pili ni kwamba hauombi hewa. Oksijeni ya kuwakia imo ndani yake, imefungwa katika oksaidi ya chuma. Kwa hiyo kuufunika hakuuzimi, na mchanga haufanyi zaidi ya kuuzuia usitapakae. Maji ni hatari tupu: yakigusa chuma kile hugeuka mvuke kwa ghafula na kukirusha chuma pande zote. Ndiyo maana mafundi wa reli huogopa umande na mvua kuliko wanavyoogopa moto wenyewe. Chungu chenye unyevu chaweza kuwaua watu. Na kwa sababu hiyo hiyo, wewe uliye mwanafunzi, usijaribu jambo hili nyuma ya bweni. Hata mwalimu wako wa kemia akionyesha kiasi cha kijiko hukaa mbali nacho.

Tabia ya tatu ni ile iletayo faida. Katika chungu huzaliwa vitu viwili, chuma na oksaidi ya alumini, na vyote viwili huyeyuka. Chuma ni kizito, huzama. Oksaidi ni nyepesi, huelea. Hutengana vyenyewe kama mafuta na maji. Wahunzi wa Kiswahili huita takataka ya tanuri mavi ya chuma, na oksaidi hii ndiyo mavi ya themiti. Hata hivyo si ya kutupwa ovyo: ikipoa huwa ngumu sana, jamaa wa yakuti, na kampuni ya akina Goldschmidt iliiuza kwa ajili ya kusagia na kung'arishia vyuma.

Kwa nini tramu zilitangulia na si gari moshi? Reli za tramu huzikwa katika barabara, zimeshikwa na mawe pande zote, na jua haliwezi kuzirefusha kwa urahisi. Tena tramu za umeme hutumia reli kama njia ya kurudishia umeme, nao umeme hupata taabu kuvuka kiungo kilichofungwa kwa bolti. Mji uliounga reli zake uliondoa kelele na upotevu wa umeme kwa pigo moja. Essen ilipoonyesha njia mwaka 1899, miji mingine haikukawia kuifuata.

Kazi yenyewe ni ya kupendeza kuitazama kwa kioo cheusi, na siku hizi hufanywa hivi. Mafundi huacha nafasi ya milimita 25 hivi kati ya ncha mbili za reli, huzisafisha kutu, kisha huzipanga sawasawa kwa rula ndefu, wakiziinua kidogo kwa kuwa kiungo kikipoa hushuka. Huvisha mahali pale kalibu ya mchanga mgumu yenye umbo la reli, na hukandika nyufa zake ili chuma kisivuje. Kwa miali ya gesi huzipasha ncha hata ziwe nyekundu, maana chuma cha moto kikimiminwa juu ya chuma baridi hakishikamani. Juu ya kalibu huwekwa chungu chenye kilo kumi na kitu za mchanganyiko, ambamo vimetiwa vipande vya pua vya kupunguza ukali wa joto na manganizi ya kuongeza ugumu, ili kiungo kifanane na reli. Fundi huwasha. Chungu hunguruma na kutema cheche. Kisha hutulia, na ndani yake chuma huzama na mavi huelea. Kizibo cha chini huyeyuka, chuma hushuka katika kalibu kikijaza nafasi na kulamba ncha zote mbili, nayo mavi hufuata nyuma na kubaki juu. Baada ya dakika chache kalibu huvunjwa, nundu ya juu hukatwa ingali nyekundu, na kichwa cha reli husagwa hata kidole kisitambue palipoungwa. Kazi nzima haizidi saa moja, na vifaa vyote huchukuliwa na kigari kidogo. Huo ndio ubora wake: tanuri humwendea mwenye kazi, badala ya mwenye kazi kuliendea tanuri.

Kwa reli ya gari moshi, inayolala wazi juani, palikuwa na mashaka makubwa, na mashaka hayo hayakuwa ya kijinga. Piga hesabu. Kilomita moja ya reli ikipata ongezeko la joto la digrii 30, ikiwa huru, hurefuka kwa sentimita 35 hivi. Je, kama hapana nyufa, urefu huo utakwenda wapi? Wazee wa reli walisema itajikunja kama nyoka. Jibu lilikuja polepole. Reli ikishikwa kwa nguvu na mataruma mazito, na mataruma yakazikwa katika kokoto nyingi, haipewi nafasi ya kurefuka. Nguvu yake hubaki ndani, kama nguvu ya mtu anayesukuma ukuta. Reli hulazwa katika joto la wastani, ili wakati wa baridi isivutwe mno na wakati wa jua isisukumwe mno. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Delaware and Hudson ya Marekani ililaza reli ndefu zilizoungwa kwa themiti, nazo zikakaa. Hata hivyo maneno ya wazee hayakuwa bure: reli iliyoungwa, kokoto zake zikipungua, hujikunja kweli siku ya jua kali, na treni huanguka.

Nyufa nazo zilikuwa zikidai malipo yao. Jioni ya tarehe 5 Novemba 1967, treni iliyotoka Hastings kwenda London ilikuwa ikipita Hither Green, kusini mashariki mwa mji, kwa mwendo wa maili 70 hivi kwa saa. Kwenye kiungo kimoja kilichofungwa kwa bolti, kipande cha reli chenye umbo la kabari kilikuwa kimemeguka. Mpasuko wake ulianzia katika tundu la bolti, mahali ambapo jicho halioni kwa kuwa kibao cha chuma kimepafunika. Mabehewa yakatoka katika reli, mengine yakalala ubavu. Watu 49 walikufa na 78 wakaumia. Soma tena wimbo ule wa ta-ta, ta-ta kwa kufikiri habari hii, nao hautakuwa tena wimbo wa kulalia.

Matumizi mengine nitayapita upesi. Themiti ilitumika kuunga fremu za injini za gari moshi zilizovunjika, na nguzo za usukani wa meli, vyuma vinene ambavyo hapo awali vilingoja miezi kiwandani. Kromiamu safi ambayo Goldschmidt aliitafuta hupatikana hata leo kwa njia yake, na huingia katika injini za ndege. Niobiamu ya Araxá, Brazili, ambayo hutiwa katika pua ya mabomba na madaraja, hutolewa kwa alumini vile vile. Mwaka 1938 Charles Cadwell wa Cleveland, Marekani, aliweka oksaidi ya shaba mahali pa oksaidi ya chuma, akapata moto wa kuungia shaba. Waya mnene unaoteremka toka kinga ya radi hadi ardhini, katika jengo kubwa au mnara wa simu, mara nyingi umeungwa hivyo, kwa kuwa kiungo cha bolti hulegea na kushika kutu, na radi haingojei mtu akaze bolti.

Iko sehemu moja ambayo singependa kuiandika, lakini historia ikikatwa sehemu yake mbaya si historia. Moto usiozimwa kwa maji uliwavutia wenye kupigana. Usiku wa tarehe 31 Mei 1915, ndege kubwa ya Kijerumani iliyojazwa gesi, aina ya Zeppelin, iliangusha juu ya London makopo ya themiti yaliyozungushiwa kamba za lami. Watu 7 walikufa, na watoto walikuwa miongoni mwao. Katika vita vya pili silaha ilikuwa ndogo na mbaya zaidi: kombora la kilo moja, mwili wake ni magnesiamu na moyo wake ni themiti, likaangushwa kwa maelfu. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 katikati ya London paliteketea hivyo. Waingereza nao waliyatupa makombora ya namna hiyo juu ya miji ya Ujerumani, na Essen, mji ulioutumia moto huu kuunga reli zake, haukuachwa. Raia wa kawaida, makarani na walimu, walikesha juu ya mapaa wakiwa na ndoo za mchanga, kwa kuwa walikwisha kufundishwa kwamba kombora likifunikwa upesi laweza kuzuiwa, na likiachwa dakika chache hutoboa paa. Mkataba uliokubaliwa mwaka 1980 umewakataza wanaoufuata kuelekeza silaha za kuchoma kwa raia. Goldschmidt mwenyewe alikufa mwaka 1923 katika mji wa Baden-Baden. Aliyaona makopo ya kwanza, asiyaone yaliyofuata.

Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ya upana wa milimita 1,435 ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi. Ukiipanda utauona utulivu wake. Reli zake zimeungwa moja kwa moja, na msafiri aliyezoea ile ya zamani huhisi kana kwamba kitu fulani kimepotea. Katika reli za namna hii viungo vingi hufanywa na mashine za umeme, nayo themiti huitwa palipobaki: penye makutano ya njia, na mahali ambapo kipande kibovu kimekatwa na kingine kutiwa mahali pake. Wala kiungo cha themiti si kamilifu. Ni chuma cha kumiminwa kati ya chuma kilichofuliwa kwa mashine, na unyevu kidogo, au haraka kidogo, huacha kitobo ndani yake kisichoonekana. Kwa sababu hiyo wakaguzi hupitisha juu ya reli chombo kipelekacho mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, na mawimbi hayo yakirudi kabla ya wakati wake hujua kwamba ndani pana kasoro. Katika nchi nyingi fundi aliyeunga hutakiwa kuacha alama yake kando ya kiungo, pamoja na tarehe, ili kikivunjika baada ya miaka mingi ijulikane ni mikono ya nani iliyokifanya na siku gani.